Farasi Anapogoma

Jumatatu ya Agosti 8, 2016, huko Deodoro, pembezoni mwa jiji la Rio de Janeiro, timu ya farasi ya Ujerumani iliingia nyikani ikiwa na jina zito. Ilikuwa imetwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 2008, ikaitwaa tena mwaka 2012, na kinara wake, Michael Jung, alikuwa anatetea dhahabu yake binafsi. Kati ya wapanda farasi wake wanne, mgeni wa Olimpiki alikuwa mmoja tu: Julia Krajewski, mwenye miaka 27, juu ya farasi wa uzao wa Kifaransa aitwaye Samourai du Thot.

Wawili hao hawakumaliza. Samourai aligoma mbele ya viunzi, akarudishwa, akagoma tena, mpaka sheria ikasema basi. Siku iliyofuata Jung alivaa dhahabu yake na Ujerumani ikapata fedha ya timu, kwa sababu wakati ule timu ilikuwa na wapanda farasi wanne na matokeo yaliyohesabiwa ni ya watatu bora. Krajewski ndiye aliyekuwa wa nne. Kwenye jedwali la matokeo, mbele ya jina lake hapakuwa na pointi wala nafasi.

Dhahabu ya Jung imeandikwa sana, na anastahili. Mimi nataka kuizungumzia siku ya Krajewski. Nimefuatilia mchezo huu kwa muda mrefu, na nimefika mahali pa kuamini kwamba ukitaka kujua kama mchezo unastahili kuendelea kuwepo, usitazame jukwaa la washindi. Tazama mtu anafanya nini pale farasi anapomwambia hapana, mbele ya dunia nzima, katika siku aliyoisubiri maisha yake yote. Tazama pia sheria inamruhusu afanye nini.

Kwa msomaji ambaye farasi amemwona kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, au kwenye gwaride tu, niueleze kwanza mchezo wenyewe. Wenyewe huuita iventingi, na ulizaliwa jeshini. Ulipoingia Olimpiki huko Stockholm mwaka 1912, washiriki walikuwa maofisa wa jeshi peke yao; raia walifunguliwa mlango baadaye. Nia ilikuwa kumpima farasi wa ofisa. Je, anatii kwenye gwaride? Je, ana pumzi na moyo wa kuvuka mabonde, mitaro na maji? Na kesho yake, baada ya kazi ngumu ya jana, bado anaweza kufanya kazi? Ndiyo maana mpaka leo mashindano yana hatua tatu, kwa farasi yuleyule na mtu yuleyule. Ya kwanza ni dresaji, ambapo farasi huchezeshwa hatua kwa hatua mbele ya waamuzi kwenye kiwanja cha mchanga. Ya pili ni mbio za nyika, juu ya viunzi vizito vya magogo, vichaka, mitaro na madimbwi. Ya mwisho ni kuruka viunzi uwanjani, vyenye miti mepesi inayoanguka ikiguswa.

Hesabu yake ni kali kuliko ya michezo mingi. Hakuna pointi za kukusanya. Kuna adhabu tu. Baada ya dresaji kila mmoja anatoka na deni lake, na kuanzia hapo deni linaweza kukua au kubaki palepale. Kupungua halipungui. Farasi akigoma mara moja nyikani ni adhabu 20. Akigoma mara ya pili kwenye kiunzi kilekile ni 40. Ya tatu, mnatolewa. Kila sekunde inayozidi muda uliopangwa ni adhabu 0.4. Uwanjani, mti mmoja ukianguka ni adhabu nne. Kwa hiyo mtu aliyeharibu hana pa kufidia. Mwanariadha wa mita 10,000 akijikwaa mzunguko wa tatu bado ana mizunguko ya kuwafuata wenzake. Hapa kosa la dakika ya pili unakwenda nalo mpaka mwisho, nawe bado una viunzi zaidi ya ishirini vya kuruka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kuna jambo moja kuhusu mbio za nyika ambalo watazamaji wengi hawalijui, na kwangu ndilo kiini cha mambo yote. Mpanda farasi ameshaipita njia ile kwa miguu. Ameizunguka mara kadhaa kabla ya siku yenyewe. Amepima kwa hatua nafasi kati ya kiunzi na kiunzi, amekagua udongo, na ameangalia jua litakuwa upande gani saa yake ya kuondoka itakapofika. Farasi hajaona chochote. Kila kiunzi anakikuta kwa mara ya kwanza, akiwa shoti, kwenye mwendo ambao katika ngazi ya Olimpiki hupangwa kuwa mita 570 kwa dakika. Anapanda kilima, na upande wa pili hajui kama kuna nyasi au maji. Anaambiwa ruka na mtu aliyekaa mgongoni mwake, kwa shinikizo la mguu na ulegevu wa hatamu, naye anaruka kwa sababu anamwamini mtu huyo. Sababu nyingine hana. Medali haijui. Hajui kuwa kuna Olimpiki.

Tena macho yake si kama yetu. Yako ubavuni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote kwa wakati mmoja, lakini kilicho mbele kabisa ya paji lake na chini ya pua yake hakioni. Akikaribia sana kiunzi, kile anachokiruka kinampotea. Rangi nazo hazioni kama tunavyoziona sisi: nyekundu, chungwa na kijani kwake hazitofautiani sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walilichunguza hilo kwenye viunzi vya mbio za farasi, na mwaka 2022 wakuu wa mchezo huo nchini humo wakatangaza kuwa mbao za chungwa zitapakwa nyeupe. Miaka yote ile farasi walikuwa wanarushwa juu ya mbao ambazo kwao zilifanana na majani yaliyo nyuma yake, na farasi aliyesita aliitwa mwoga.

Sasa mtazame farasi anayekaribia kugoma. Dalili ya kwanza iko masikioni. Farasi mwenye nia huyaelekeza masikio yote mawili kwenye kiunzi. Mwenye shaka huanza kulipeleka moja mbele, moja nyuma, kana kwamba anasikiliza watu wawili wanaobishana. Halafu hatua zinafupika. Shingo inapanda, mgongo unakuwa mgumu, na mpanda farasi anahisi chini ya tandiko kwamba ile nguvu iliyokuwa inamsukuma mbele imeanza kuvutwa kurudi. Hapo ana sekunde moja, pengine mbili. Anafunga miguu, anakaa chini, anaita jina. Wakati mwingine inatosha. Wakati mwingine miguu ya mbele inajikita ardhini, udongo unaruka, kifua cha farasi kinasimama kwenye gogo, na mtu anajikuta ameikumbatia shingo huku kikuku kimoja kimemtoka mguuni.

Kimya kinachofuata ni kizito. Saa ya mashindano haisimami. Anamgeuza farasi, anarudi nyuma hatua kadhaa, anakusanya hatamu, na lazima aamue kabla hajaanza kusogea tena. Je, farasi amegoma kwa sababu amefikishwa vibaya, hatua haikulingana na kiunzi? Kama ni hivyo kosa ni la mtu, na dawa yake ni kumleta upya vizuri. Je, ni kivuli? Watu ambao hawakuwepo pale alipofanya mazoezi? Je, amechoka? Au kuna mahali panauma, na huyu mnyama asiye na maneno ametumia njia pekee aliyonayo ya kusema? Mpanda farasi mzuri ninayemheshimu mimi ni yule anayejiuliza maswali hayo kwa dhati, tena haraka, wakati kila kitu mwilini mwake kinamtaka atumie fimbo.

Zamani hakuna aliyeuliza. Waswahili tuna msemo wa punda afe, mzigo wa bwana ufike, na kwa miaka mingi mchezo huu uliendeshwa kwa moyo huohuo. Berlin, mwaka 1936, Luteni Konrad von Wangenheim wa Ujerumani alianguka kwenye dimbwi na kuvunjika mtulinga. Alipanda tena, akamaliza viunzi vyote vilivyobaki. Kesho yake aliingia uwanjani mkono wake ukiwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, farasi wake Kurfürst akaanguka naye, akapanda tena na kumaliza, na Ujerumani ikachukua dhahabu ya timu. Dunia ilimshangilia. Farasi watatu walikufa kwenye mashindano yale, na hao hawakutajwa sana.

Mwaka 1964, Olimpiki ya Tokyo, mwanamke wa kwanza aliruhusiwa kushiriki iventingi. Alikuwa Lana du Pont wa Marekani, juu ya farasi Mr. Wister. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa tope. Walianguka mapema, kwenye kiunzi cha tatu, wakanyanyuka. Wakaanguka tena karibu na mwisho, wakanyanyuka, wakamaliza. Timu yake ilipata fedha. Ninamvulia kofia kwa ushujaa wake, hasa nikikumbuka wangapi walikuwa wanangoja aanguke ili waseme tuliwaambia. Lakini nikimfikiria Mr. Wister, aliyenyanyuliwa mara mbili kutoka kwenye tope na kuelekezwa kwenye kiunzi kinachofuata, furaha yangu inapungua. Miaka 12 baadaye, kwenye Olimpiki ya Montreal, Binti Mfalme Anne wa Uingereza alianguka na farasi Goodwill, akagonga kichwa, akapanda tena na kumaliza njia ambayo baadaye hakuikumbuka. Mtu asiyejua alipo alikuwa anamwongoza farasi juu ya magogo yasiyoanguka.

Leo hayo hayawezekani. Ukianguka nyikani, siku yako imekwisha, hata kama umetua kwa miguu na unacheka. Sheria hiyo ilipigiwa kelele na wakongwe waliosema inaua roho ya mchezo. Mimi naona ndiyo iliyouokoa. Imemwondolea mtu aliyechanganyikiwa kwa maumivu na aibu uamuzi ambao hafai kuufanya.

Kuna siku mbaya ambazo farasi hahusiki kabisa, nazo zina uchungu wake. Athens, mwaka 2004, Bettina Hoy wa Ujerumani aliingia uwanjani na Ringwood Cockatoo kwa ajili ya kuruka viunzi. Alivuka mstari wa kuanzia, akazunguka kumtuliza farasi, akauvuka tena ndipo akaanza kuruka. Saa ya uwanjani ilirudishwa sifuri, naye akaenda akiiamini saa aliyoiona. Waamuzi wakampa adhabu ya muda, Ujerumani ikakata rufaa ikashinda, na Hoy akavalishwa dhahabu mbili, yake na ya timu. Siku chache baadaye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliamua kwamba rufaa ile haikupaswa kusikilizwa. Dhahabu binafsi ikaenda kwa Mwingereza Leslie Law, ya timu ikaenda Ufaransa, Ujerumani ikashuka hadi nafasi ya nne. Mtu anaweza kujiandaa kwa farasi anayegoma. Kwa hilo sijui unajiandaaje.

Na Ingrid Klimke, mwenzake Krajewski wa Rio, alifika siku ya mwisho ya mashindano ya dunia ya Tryon, Marekani, mwaka 2018, akiwa anaongoza, na akaruka viunzi vyote safi mpaka akabakiwa na kimoja. Ukwato ukagusa, mti ukaanguka. Adhabu nne. Rosalind Canter wa Uingereza akawa bingwa wa dunia, Padraig McCarthy wa Ireland akapata fedha kwa tofauti ya 0.1, Klimke akabaki na shaba.

Lakini siku mbaya kuliko zote, kwa maoni yangu, haikutokea kwenye iventingi. Ilitokea jirani yake, na naileta hapa makusudi.

Agosti 6, 2021, Tokyo. Kwenye pentathloni ya kisasa, Annika Schleu wa Ujerumani alikuwa anaongoza baada ya kushindana kwa upanga na kuogelea. Hatua iliyofuata ilikuwa kuruka viunzi kwa farasi. Katika mchezo huo, wakati ule, mtu hakwenda na farasi wake. Alipangiwa mmoja kwa kura, akapewa dakika 20 za kufahamiana naye, halafu akaingia uwanjani. Schleu alipangiwa Saint Boy, farasi ambaye muda mfupi kabla alikuwa ameshamgomea mshindani mwingine. Kilichofuata kilionwa na dunia nzima. Farasi alirudi nyuma, akajizungusha, hakutaka hata kusogelea kiunzi. Schleu alilia huku akimchapa fimbo. Kocha wake, Kim Raisner, aliyekuwa kando ya uzio, alisikika akimhimiza achape, na yeye mwenyewe akampiga farasi ngumi. Kocha akafungiwa kwa siku zilizobaki. Schleu, aliyekuwa na dhahabu mkononi saa moja kabla, akamaliza wa 31.

Watu wengi walimtukana yule binti. Sikuungana nao na siungani nao leo. Niliona watu wawili na mnyama mmoja waliowekwa mahali ambapo hapakuwa na njia nzuri ya kutokea. Imani ambayo Krajewski na wenzake huijenga kwa miaka, kulisha, kusugua, kukaa zizini usiku farasi anapoumwa tumbo, huwezi kuiomba kwa dakika 20. Saint Boy hakuwa na sababu hata moja ya kumwamini mgeni anayelia. Alisema hapana kwa kila namna anayoijua farasi, na mchezo wenyewe haukuwa na masikio. Baada ya kashfa ile, shirikisho la pentathloni liliamua kuondoa farasi kabisa, na Paris 2024 ikawa mara ya mwisho. Sasa mahali pake wameweka njia ya vizuizi ambayo mtu anaipita kwa miguu na mikono yake. Uamuzi ulikuwa sahihi, na watu wa iventingi waliona wazi kwamba moto ule ulikuwa umewaka kwenye uzio wao pia.

Nirudi kwa Krajewski. Mwaka uliofuata Rio, yeye na Samourai yuleyule aliyemgomea walishinda Luhmühlen, moja ya mashindano makubwa kabisa ya iventingi duniani. Hakumuuza, hakumtupa. Lakini mwaka huohuo, kwenye ubingwa wa Ulaya huko Strzegom, Poland, sampuli ya Samourai ilikutwa na dawa ya kutuliza maumivu isiyoruhusiwa mashindanoni, na Ujerumani ikanyang'anywa fedha ya timu. Rio aliondoka bila matokeo. Hapa aliondoka na medali za wenzake zimepotea. Naliandika kwa sababu lipo kwenye kumbukumbu, na kwa sababu hadithi ya mpanda farasi ambayo inaruka sehemu kama hizo haimfai mtu.

Mwanzoni mwa mwaka 2021, miezi michache kabla ya Olimpiki ya Tokyo iliyoahirishwa kwa janga la korona, baba yake alifariki. Karibu na wakati huohuo Samourai alipata ugonjwa wa jicho, likaondolewa, na kazi yake ya mashindano ikaishia hapo. Aliyebaki zizini alikuwa jike mdogo kiumri, Amande de B'Neville, ambaye kabla ya hapo hakutajwa sana kwenye mazungumzo ya Olimpiki.

Mbio za nyika za Tokyo ziliendeshwa Agosti 1, asubuhi, njia ikiwa imefupishwa kwa sababu ya joto. Siku hiyo Jung, aliyekuwa anaongoza baada ya dresaji, alipigwa adhabu 11 kwa kuwa kiunzi chenye kifaa cha usalama, kile kinachoachia gogo lianguke farasi anapoligonga kwa nguvu, kilifunguka nyuma yake. Kwa macho ya kawaida ilikuwa mguso mdogo. Ujerumani walipinga, haikusaidia, na ndoto ya dhahabu ya tatu mfululizo ikafa kwenye gogo moja. Amande alipita safi. Kesho yake akapita safi tena, na Krajewski akawa mwanamke wa kwanza katika historia ya Olimpiki kutwaa dhahabu binafsi ya iventingi, miaka 57 baada ya Lana du Pont kuokota hatamu kwenye tope la nchi hiyohiyo.

Hata hivyo siwezi kuiandika siku ile kama siku ya furaha tu. Kwenye njia ileile, asubuhi ileile, Jet Set, farasi wa miaka 14 wa Mswisi kijana Robin Godel, aliumia kano ya mguu karibu na mwisho. Alipelekwa hospitali ya farasi, ikaonekana hatibiki, akafishwa kwa dawa. Godel hakugombana na mtu, hakumtwisha mtu lawama. Alikuwa Olimpiki ya kwanza, kama Krajewski alivyokuwa Rio, na alirudi nyumbani bila farasi. Mtu akiniuliza kwa nini ninasisitiza sana juu ya haki ya farasi kugoma, na haki ya mtu kusimama kabla ya mwisho, namwonyesha orodha ya matokeo ya siku ile.

Kusimama kuna utaratibu wake. Mpanda farasi anayeona mambo yameharibika anamrudisha farasi kwenye hatua za kawaida, anainua mkono mmoja kuwaonyesha waamuzi kuwa ameacha, na anatoka kwenye njia ili anayemfuata apite. Ni kitendo kidogo sana. Kamera kwa kawaida inahama, inamtafuta aliye bado shoti. Ukibaki unamtazama utaona mambo ambayo kwangu ni ya thamani kuliko kuruka. Anashuka. Analegeza mkanda wa tandiko. Mtunza farasi anakuja mbio na ndoo, na wanaanza kummwagia maji ya barafu shingoni, kifuani na katikati ya miguu ya nyuma ambako mishipa iko karibu na ngozi, wanamwaga tena na tena bila kusita. Anatembezwa. Daktari anasikiliza moyo. Miguu inavishwa viatu virefu vya barafu. Farasi aliyegoma anapewa yote hayo sawasawa na farasi aliyeshinda, bila kupunguziwa ndoo hata moja. Mchezo unaoweza kufanya hivyo kila mara, kwa kila farasi, bado una cha kujitetea nacho.

Kwa sababu hiyo nina ugomvi na sheria zilizokuja baada ya Rio. Kuanzia Tokyo, timu ya Olimpiki ya iventingi imekuwa ya watu watatu badala ya wanne, na matokeo ya wote watatu yanahesabiwa. Lile pengo lililomhifadhi Krajewski mwaka 2016 limezibwa. Lengo lilikuwa kupata nchi nyingi zaidi zinazoshiriki, na kwa hilo siwalaumu. Mchezo huu umekuwa wa nchi chache tajiri kwa muda mrefu mno. Ili kupoza makali waliweka mchezaji wa akiba, anayeweza kuingia kwa adhabu 20. Paris 2024 ilionyesha sheria hiyo ikifanya kazi vizuri. Japani walikuwa na nafasi ya medali baada ya nyika. Asubuhi ya mwisho mmoja wa farasi wao akaondolewa kwenye ukaguzi wa madaktari, wakaingiza wa akiba, wakabeba adhabu zao 20, wakaruka vizuri, wakachukua shaba ya timu. Ilikuwa medali yao ya kwanza ya farasi tangu Takeichi Nishi mwaka 1932, na waliipata wakiwa wamemwacha farasi asiye mzima zizini.

Lakini hiyo ni ukaguzini, kabla ya kuruka. Ukishaingia nyikani hesabu ni nyingine. Timu ambayo mtu wake hakumaliza nyika hubandikwa adhabu 200, na sheria haitofautishi. Aliyeanguka ni 200. Aliyetolewa kwa kugoma mara tatu ni 200. Aliyeona farasi wake amechoka kiunzi cha 18 akainua mkono kwa hiari, huyo naye ni 200. Kijana wa Olimpiki ya kwanza, ambaye nchi yake imetumia miaka minne kumleta, ambaye wenzake wawili wanamtegemea na hakuna wa nne wa kumfunika, anahisi farasi wake anapungua nguvu, na wakati huohuo anajua kwamba kuinua mkono kunagharimu sawasawa na kuanguka. Tunamwomba afanye jambo sahihi kwa bei ileile ya jambo baya.

Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi linaweza kulirekebisha hilo bila kurudisha timu za watu wanne. Anayesimama kwa hiari, farasi wake akakaguliwa na kuthibitishwa kuwa mzima au amechoka tu, timu yake ipewe adhabu nyepesi mno kuliko ya aliyetolewa. Namba ipangwe na wanaojua zaidi yangu. Mimi ningeanzia nusu. Watasema kuna watakaotumia mwanya huo kwa hila. Watakuwepo, na waamuzi na madaktari wamesimama palepale nyikani kuwakamata. Olimpiki ya Los Angeles ni mwaka 2028, na muda wa kubadilisha kifungu hicho bado upo.